Goma na Bukavu: Mama akienda soko, nani anabaki na mtoto?

Kabla jua halijatoka, wamama wengi wa Goma na Bukavu wamekwisha kufanya kazi ya nusu siku. Wamewasha makala, wamepasha maji, wameogesha watoto, wamekoroga uji wa masosoma, na mdogo wamemfunga mgongoni kwa kikwembe. Swali linalobaki kila asubuhi ni lile lile: mama akienda kutafuta, nani anabaki na mtoto?

Linaonekana swali dogo, la ndani ya nyumba tu. Lakini jibu lake ndilo linaamua kama mtoto atanyonya vizuri, kama atapata chanjo kwa wakati, na kama dada yake wa miaka minane au tisa atafika shuleni siku hiyo.

Likizo ya mama wa soko

Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inampa mwanamke mwenye mkataba likizo ya uzazi ya wiki 14, pamoja na theluthi mbili za mshahara wake. Akirudi kazini, ana haki ya kusimamisha kazi mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, ili anyonyeshe.

Muuza tomate wa soko la Virunga hana mkataba huo. Hana pia mama anayebeba mizigo mgongoni kwenye vilima vya Bukavu, wala yule anayevuka Petite Barrière kila asubuhi na beseni kichwani. Hawana patron wa kuwaandikia likizo. Likizo yao ni akiba waliyoweka wakati wa mimba, na akiba ikiisha wiki ya pili, likizo nayo imeisha. Ndiyo maana si ajabu kumkuta mzazi wa siku chache tu amekaa tayari mbele ya meza ya lengalenga na sombe, mtoto mchanga amelala kwenye karatoni pembeni yake.

Mgongoni pana uzuri wake

Mtoto aliye mgongoni kwa mama hakosi kitu kikubwa. Ananyonya anapotaka, anasikia sauti anayoijua, na akianza kuwa na homa, mama anaisikia kwenye ngozi yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Katika soko la Kadutu au la Kituku, wamama wanaouza sehemu moja wanajua watoto wa wenzao kwa majina. Mmoja akienda kutafuta chenji, jirani yake anapokea mtoto bila kuombwa mara mbili.

Lakini soko si mahali pa mtoto kushinda kutwa nzima. Kuna moshi, vumbi, jua la saa sita na mvua isiyotoa taarifa. Kituku, pale boti zinapoteremsha mizigo, watu wanasukumana na mama anahitaji mikono yote miwili. Hapo ndipo wengi wanaamua kumwacha mtoto nyumbani, na shida nyingine inaanza.

Waganga wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka afikishe miezi 6, hata maji asipewe, kisha aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi huku akila chakula kingine. Mtoto aliyeachwa nyumbani akiwa na miezi mitatu hawezi kungoja mpaka jioni. Anapewa maji au uji mwepesi. Katika miji ambamo familia nyingi zinachota maji ziwani Kivu na kipindupindu kinarudi mara kwa mara, kikombe kimoja cha maji yasiyochemshwa kinatosha kumpeleka mtoto hospitali.

Njia moja ipo, na haiombi pesa nyingi. Mama anaweza kunawa mikono vizuri, kukamua maziwa yake ndani ya kikombe safi na kukifunika. Maziwa hayo yanaweza kukaa masaa manne mahali penye baridi kidogo, pasipofikiwa na jua. Aliyebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe, kwa sababu biberon ni vigumu kuisafisha vizuri pale maji yanapokuwa ya kuhesabu.

Yaya anayeacha daftari

Katika nyumba nyingi, anayebaki ni yaya, yaani mtoto mkubwa. Na mara nyingi mkubwa huyo ni msichana, hata kama ana kaka wa umri wake.

Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ni ya bure nchini Congo, na wazazi wengi walipata pumzi. Lakini kumwondolea mtoto malipo ya shule hakumwondolei mdogo wake mikononi. Siku ya soko kubwa, yaya anabaki. Siku mdogo anapohara, yaya anabaki. Mwalimu anaandika tu kwamba hayupo, wala hajui kwamba wakati huo msichana huyo anapika uji, anafua nepi na kubembeleza mtoto ambaye karibu anamlingana uzito. Mwisho wa mwaka akishindwa mtihani, watu watasema hana akili.

Mama anayafahamu haya yote. Wengi waliachishwa masomo kwa njia hiyo hiyo, na hawafurahii kuona binti zao wanaifuata. Kinachokosekana ni mtu wa kumpokea mtoto.

Mikono imepungua

Zamani mikono ilikuwa mingi. Kulikuwa na nyanya, yule ambaye watoto wengi wanamwita koko. Kulikuwa na shangazi, na jirani wa miaka ishirini. Vita vimetawanya mikono hiyo. Familia zilizokimbia Masisi na Rutshuru ziliishi miaka katika kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya. Februari 2025, kambi za kandokando ya Goma zikabaki tupu. Kuna waliorudi vijijini, kuna waliobaki mjini katika chumba cha kukodi. Koko yuko upande mmoja, wajukuu upande mwingine.

Mambo ya pesa nayo yamekaza. Tangu M23 ilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango, biashara zikalegea na wanaume wengi wakapoteza kazi au wakaondoka. Mama aliyekuwa akimlipa msichana wa jirani franka kidogo ili amshikie mtoto, leo franka hizo ni za chumvi na mafuta.

Matokeo yanaonekana kwenye kituo cha afya. Baada ya chanjo za kuzaliwa, mtoto anatakiwa kurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi 9 kwa chanjo ya surua. Chanjo ni ya bure, lakini asubuhi nzima kwenye mstari ni asubuhi bila kuuza, na tarehe ya kurudi inasogezwa, kisha inasahauliwa. Hata bwaki inaingia kwa mlango huo. Bugali peke yake mara mbili kwa siku inashibisha tumbo bila kujenga mwili. Utepe wa kupima mkono ukionyesha chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, hiyo ni rangi nyekundu, na mtoto anahitaji matibabu haraka. Miguu ikivimba, mama asingoje siku ya kupima uzito.

Furaha nayo ipo

Pamoja na hayo yote, ukikaa na wamama hawa jioni, hawaongei taabu tu. Mtoto anatambua sauti ya mama yake tangu mwanzo wa avenue na kukimbia bila viatu. Kuna jino la kwanza, linalotangazwa kwa majirani wote. Kuna siku ya mzani, pale kijana aliyekuwa amekonda anapoongeza gramu chache na wamama wote kwenye benchi wanapiga makofi. Kuna kale ka miaka mitatu kanakopanga mawe na majani mlangoni na kuita wapita njia kwa sauti ya mama yake: tomate, mia tano, mia tano! Na kuna jina lenyewe: tangu kifungua mimba azaliwe, mtaa mzima unamwita mzazi kwa jina la mtoto. Ni heshima ambayo umaskini hauiondoi.

Kinachoweza kufanyika

Suluhisho halihitaji kungoja vita viishe. Wamama ambao tayari wanaaminiana kwa pesa katika likirimba au katika AVEC wanaweza kuaminiana kwa watoto pia. Wanne wakikubaliana, mmoja anabaki na watoto wote siku moja, watatu wanauza na kumkatia sehemu ya faida. Kesho yake ni zamu ya mwingine. Yaya anaenda shule.

Wababa nao wana nafasi. Mwanaume asiye na kazi akibeba mtoto wake, majirani wanamcheka, lakini kicheko hakilishi mtu. Anayempeleka mtoto kwenye chanjo mke wake akiwa sokoni anaokoa siku ya kazi na afya ya mtoto kwa mara moja.

Halafu kuna wenye kusimamia masoko. Kila mama mwenye meza analipa ushuru, na risiti anazo. Sehemu ya pesa hiyo ingetosha kuanzisha kitu kisicho kikubwa ndani ya kila soko: chumba kimoja chenye paa, mikeka, maji safi na mtu mmoja au wawili wa kuaminika. Mama angeuza mbele, mtoto angelala nyuma, na wakati wa kunyonyesha ingekuwa hatua ishirini tu. Wamama wamelipa ushuru huo miaka mingi. Kuuliza unaenda wapi ni haki yao.