Sherifu Hayuko Umoja

Mwanafunzi atazamaye filamu za Kimarekani hukutana na wakuu wawili wenye beji, akadhani kazi yao ni moja. La hasha! Sherifu, katika majimbo mengi, huchaguliwa na wapigakura wa kaunti. Mkuu wa polisi wa jiji huteuliwa na wakuu wa jiji. Aghalabu sherifu ndiye asimamiaye jela ya kaunti, apelekaye hati za mahakama, na amtoaye mpangaji nyumbani hakimu akishaamua.

Hapa Eastlands majukumu hayo yametawanyika. Mpangaji wa Kayole aliyelemewa na kodi hubishiwa hodi na dalali mwenye leseni. Mahabusu hulindwa na Idara ya Magereza kule Industrial Area. Naye mchuuzi wa Muthurwa hunyang'anywa bidhaa na askari wa kanjo, ambaye mwajiri wake ni kaunti. (Baraza la Jiji lilikoma mwaka 2013, lakini jina la kanjo limekataa kufa.)

Waliomkaribia sherifu kidogo ni Polisi wa Utawala. Asili yao ni Polisi wa Kikabila, walioundwa kwa sheria ya mwaka 1929 ili kuwasaidia machifu kutekeleza amri. Kwa miaka mingi mkazi wa Umoja au Dandora aliwakuta katika kambi ya chifu, ilhali polisi wa kawaida walikuwa kituoni. Vikosi viwili, sare mbili, wakubwa wawili; wala chifu hakuchaguliwa na mwananchi yeyote. Katiba ya 2010 iliviweka vyote chini ya Inspekta Jenerali mmoja, na mwaka 2018 askari wengi wa utawala wakaamriwa kuhamia polisi wa kawaida.

Je, nasi tumchague sherifu? Gavana tunamchagua tangu 2013, naye hana amri juu ya polisi hata mmoja. Hata hivyo, nasita. Mwomba kura huwatazama wapigakura, na kijana wa Eastleigh angojaye kitambulisho, ambaye ndiye asimamishwaye usiku, hapigi kura.

Kwa sasa, malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Mamlaka hiyo haihusiki na kanjo. Basi mama mboga aliyepigwa sharti kwanza aitambue sare iliyompiga, na kanjo mara nyingi huja bila sare.