Kwenda Ziwa Turkana Agosti hii? Maliza mambo ya pesa kabla hujatoka Lodwar

Likizo ya Agosti ikikaribia, vikundi vya WhatsApp huanza kuchangamka. Mtu anatupia picha ya maji ya kijani katikati ya jangwa, mwingine anauliza "tunaenda lini?", na ndani ya dakika tano kuna orodha ya majina kumi na moja lakini hakuna hata shilingi moja iliyochangwa. Mwaka jana kundi hilo lilikuwa sisi, hapa ofisini. Tulienda Ziwa Turkana, tukarudi salama, lakini siku moja nzima tulikaa Kalokol tukishindwa kulipia mashua ilhali pesa tulikuwa nazo. Ndiyo, sisi, watu wa kampuni ya malipo. Cheka tu, halafu usome usije ukafanya kama sisi.

Kwanza amua upande. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 250, na ndilo ziwa kubwa zaidi la kudumu duniani lililo jangwani. Huwezi kuona pande zote mbili kwa safari ya siku nne. Mashariki kuna Loiyangalani, jamii ya El Molo, na njiani ile mitambo 365 ya umeme wa upepo. Ni kuzuri, ila barabara ya kule inataka gari lenye nguvu na dereva anayeijua. Sisi tulichagua magharibi kwa sababu basi linakufikisha Lodwar, na kutoka hapo hadi Kalokol ni kama kilomita 60 tu.

Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300. Lala Kitale, uondoke asubuhi, upite Kainuk mchana. Eneo hilo limewahi kuwa na visa vya wizi wa mifugo na mashambulizi barabarani, kwa hivyo uliza hali ilivyo kabla ya kupanda gari, na ukiambiwa subiri, subiri. Gharama ya kulala Kitale iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Wengi huisahau, halafu wanasafiri usiku ili kuokoa elfu moja.

Lodwar ni mji kamili: benki zipo, mawakala wapo, maduka yapo. Ukiwa na saa moja, kaitazame nyumba ambayo Jomo Kenyatta aliwekwa na serikali ya kikoloni baada ya kutolewa Lokitaung mwaka 1959. Na ukielekea Kalokol, simama Namoratunga, zile nguzo za mawe kando ya barabara. Wenyeji husimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ukishatoka Lodwar mambo hubadilika. Wakala utampata Kalokol, lakini wakala akiwepo haimaanishi ana pesa taslimu za kukupa. Duka dogo linalohudumia wavuvi haliwezi kutoa elfu ishirini kwa mgeni mmoja, halafu elfu ishirini nyingine kwa rafiki yake. Mtandao nao unaweza kukatika. Kumbuka pia kwamba simu yenyewe inachoka: joto la huko hupita nyuzi 35 mara nyingi, na simu iliyoachwa juani hujizima bila kukuaga.

Kwa hivyo toa pesa taslimu Lodwar. Piga hesabu ya kile kisichoweza kulipwa kwa simu, kama bodaboda, samaki wa kukaanga ufukweni, shanga za akina mama na petroli ya mashua, halafu uongeze kiasi cha dharura. Toa kwa mara moja au mbili, si vipande vipande, kwa sababu ada ya kutoa elfu moja mara tano ni kubwa kuliko ya kutoa elfu tano mara moja. Gawaneni pesa hizo. Zisikae kwenye mfuko mmoja.

Hilo la mfuko mmoja ndilo lililotuchoma. Sisi tulikuwa na mweka hazina, mwenzetu wa idara ya mauzo, mtu makini kabisa. Michango yote ilienda kwenye laini yake. Mpango ulikuwa alipe kila kitu kwa simu, maana sisi ni watu wa kisasa bana, pesa taslimu za nini? Asubuhi ya siku ya pili aliinama kupiga picha ya mwari, simu ikateleza ikaingia majini. Tukabaki watu kumi na mmoja na salio lote liko kwenye laini iliyolala chini ya ziwa.

Hapa kuna jambo ambalo wateja hutuuliza sana, na siku ile tulijikumbusha wenyewe: pesa haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti, na akaunti inalindwa na PIN. Simu ikizama au ikiibiwa, pesa hazijaenda popote mradi hakuna anayejua PIN yako. Unachohitaji ni kupata laini mpya yenye nambari ileile, na kwa hilo unahitaji kitambulisho chako halisi, si picha yake. Mwenzetu alikuwa nacho, namshukuru Mungu. Alipanda bodaboda hadi Lodwar, akabadilishiwa laini, akarudi jioni akiwa na pesa taslimu mfukoni na vumbi hadi kwenye nyusi. Sisi wengine tulichanga salio zetu ndogondogo tukapata chakula, lakini mwenye mashua alitaka pesa ya petroli kabla ya kuondoka, na hatukumlaumu. Petroli ndiyo sehemu kubwa ya gharama yake.

Safari hii tumegawa michango kwa watu wawili wenye laini tofauti, na kila mtu atatembea na kitambulisho na pesa yake ya kujitegemea kwa siku mbili.

Kabla ya hayo yote kuna malipo ya kushika nafasi, na hapo ndipo watu hupoteza pesa bila hata kuliona ziwa. Umepata kambi kule Eliye Springs kupitia mtandao, mtu wa upande wa pili anasema "tuma leo, nafasi zinaisha". Tulia. Omba nambari ya Till au Paybill ya biashara, na kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea. Kama kambi inaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu binafsi, piga simu uulize. Huenda ni mwenye kambi kweli, maana biashara nyingi ndogo bado hutumia laini ya kawaida, lakini maelezo yake yawe yanaeleweka. Lipa sehemu tu, salio ulipe ukifika. Ukikosea nambari, omba kurejeshewa muamala hapohapo. Ukingoja mpaka kesho, aliyepokea anaweza kuwa ameshazitoa.

Kisiwa cha Kati usikikose. Kina maziwa matatu ndani ya mashimo ya volkano, na mamba wa kutosha kukufanya utembee karibu na mwongoza njia. Ni hifadhi ya taifa chini ya KWS, na KWS haipokei pesa taslimu. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo lipa ukiwa bado na mtandao mzuri, angalia viwango vya sasa hukohuko, na upige picha ya risiti ili uionyeshe hata kama mtandao haupo.

Mashua ni habari nyingine. Patana bei ya kwenda na kurudi, muulize kama petroli imo, na uone maboya ya kuvaa kwa macho yako kabla ya kulipa. Upepo wa ziwa hili ni mkali, na nahodha akisema leo haturuki, usimwongezee pesa ili abadili mawazo. Weka siku moja ya ziada kwenye ratiba, na gharama yake muichange pamoja na nyingine tangu mwanzo.