Si Kila Mdudu wa Bomani ni Kiroboto
Mfugaji, ukifukua samadi yenye unyevu unaweza kukuta wadudu weupe, wadogo kama punje ya ulezi. Usiwapulizie dawa ya kupe. Utapoteza fedha bure. Hao ni kolembola: wana miguu sita, hawana mabawa, na hawanyonyi damu.

Kolembola wengi wana mkia wa kurukia uliokunjwa chini ya tumbo. Wa familia ya Onikiuride, wakaao ndani ya udongo, hutambuliwa kwa kukosa macho na mkia huo. Wakiguswa hutoa majimaji ya kujikinga.

Hula ukungu na mabaki yanayooza, wakisaidia samadi kuwa mbolea.

Kiroboto ni wa kahawia, amebanwa mbavuni, huruka na kuuma. Ukimwona huyo, zoa samadi na umwite afisa mifugo.