Mpingo wa Kusini na Sheria za Masoko ya Ng'ambo

Siku za sikukuu za taifa, bendi inapopita mbele ya jukwaa kuu, watoto huwakodolea macho wapiga ngoma na matarumbeta yanayong'aa. Ni wachache wanaomwona mtu wa katikati mwenye bomba jeusi, jembamba, alilolitia mdomoni. Chombo hicho huitwa klarineti, na klarineti iliyo nzuri, iwe imetengenezwa Ufaransa au Ujerumani, kwa desturi huchongwa kwa mpingo. Mpingo ufaao kwa kazi hiyo hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Basi yawezekana kabisa kwamba bomba lile lilianza safari yake katika mapori ya Lindi, likavuka bahari likiwa kipande cha mti, na likarudi nyumbani kwa bei ambayo yule aliyeukata mti huo asingeweza kuilipa hata akiuza mavuno yake yote ya mwaka.

Makala haya, ndugu msomaji, yahusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mabwana wa mikutano ya Geneva: jinsi kanuni za biashara baina ya mataifa zinavyoweza kuukoa, au kuuangamiza, ule wingi wa aina za viumbe ambao wataalamu huuita bioanuwai. Tutalitazama tukiwa Ruponda, katika nchi ya Wamwera, Nachingwea na Ruangwa. Wengi wetu tunaikumbuka Nachingwea kwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Lakini nchi hiyo ilikwisha kuonja utamu na uchungu wa soko la dunia kabla hata ya uhuru.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 serikali yao ikakubali mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, kwa shabaha ya ekari zaidi ya milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini. Mwaka uliofuata kazi ikaanza. Matingatinga yakaletwa, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Reli mpya ikatandazwa kutoka pwani, ikapita Ruponda hadi Nachingwea. Miombo iliyochukua karne kukua ikang'olewa kwa minyororo. Mwezi Januari 1951 mpango ukaachwa, paundi zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea, na mapema katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Katika hesabu zile kulikuwa na bei ya karanga, bei ya dizeli na mishahara ya mabwana wasimamizi. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa thamani ya msitu uliofyekwa, na nadhani huo ndio msiba wa biashara nyingi tangu zama zile: kile kisichoandikiwa bei huhesabiwa kuwa bure.

Mpingo wenyewe si mti wa kujivuna. Haurefuki sana, shina lake hupinda na kugawanyika, na asiyeujua angeweza kuupita akidhani ni kichaka cha miiba. Huota pamoja na miti mingine ya miombo, na kwa kuwa ni wa jamii ya kunde, husaidia kuurutubisha udongo. Kiini chake cheusi ni kizito hata huzama majini. Ili ufikie unene wa kufaa kwa mbao huhitaji miaka 70 hadi 100, kwa maana kwamba mti unaokatwa leo yaelekea uliota kabla babu hajaoa. Tena gogo likishapasuliwa, sehemu kubwa hutupwa kwa nyufa na mikunjo, na pengine chini ya sehemu moja ya kumi ndiyo hutoka ikiwa safi ya kutengenezea chombo cha muziki. Wachonga vinyago, hususan Wamakonde waliouleta ufundi wao Dar es Salaam, wana nafuu kidogo, kwani fundi hodari huweza kuugeuza mkunjo ukawa bega la mtu.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, watu wa Kusini walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini malori yaliyopeleka saruji na sukari hayakurudi matupu. Uchunguzi wa shirika la TRAFFIC, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba China iliandika kupokea mazao ya misitu kutoka Tanzania mara 10 zaidi ya kiasi ambacho vitabu vyetu viliandika kuwa kimeuzwa huko. Msomaji anayefanya kazi bandarini ataelewa mara moja maana ya hesabu hiyo. Magogo hayakuruka kwa mbawa.

Hapo ndipo mikataba ya kimataifa inapopata kazi. Ule wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, ujulikanao kwa kifupi kama CITES, ulitiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973, na Tanzania ikajiunga mwaka 1979. Tunaukumbuka zaidi kwa habari za tembo. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe ipigwe marufuku, na ikakubaliwa. Katika Pori la Akiba la Selous, jirani wa Liwale, tembo waliokuwa zaidi ya 100,000 mwaka 1976 walikuwa wamepungua vibaya. Baada ya marufuku wakaanza kuongezeka tena. Hata hivyo soko la pembe liliamka upya, na hesabu ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000 tu. Marufuku yaliwasaidia tembo kwa muda wote ambao mnunuzi aliogopa kununua na askari wa pori alilipwa mshahara wake. China ilipolifunga soko lake la ndani mwishoni mwa mwaka 2017, tembo wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mpingo uliingia katika mkataba huo kwa mlango wa nyuma. Tamaa ya samani za miti myekundu huko China ilikuwa ikiimaliza miti ya jamii moja na mpingo katika Asia na Madagaska, na maofisa wa forodha walishindwa kuitofautisha mbao moja na nyingine. Kwa hiyo mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016 ukaiorodhesha jamii yote, na sheria ikaanza kutumika Januari 2017. Tangu hapo shehena ya mpingo huhitaji kibali chenye uthibitisho kwamba ukataji wake hautadhuru uhai wa aina hiyo porini. Wanamuziki walilalamika sana, maana mpiga klarineti alihofia kunyang'anywa chombo chake uwanja wa ndege. Mwaka 2019 vyombo vilivyokamilika vikasamehewa. Magogo na mbao vikabaki chini ya sheria, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani anayepaswa kuulizwa ni mwenye shehena kabla hajamwulizwa mpuliza bomba.

Lakini kibali cha bandarini humkagua mwenye gogo. Hakimpi chochote mkazi wa kijiji ambacho gogo lilitoka. Zamani ada ya mti ilikwenda serikalini, na mwanakijiji aliambulia ujira mdogo wa kukata na kubeba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua njia nyingine: kijiji kikiutenga msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji na kuweka mpango wa uvunaji, mapato ni yake. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilisaidiwa na shirika la hifadhi ya mpingo lililoko wilayani humo, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha FSC, ambacho humhakikishia mnunuzi wa Ulaya kwamba mbao haikuibwa wala haikumaliza msitu. Wakati ule ilielezwa kwamba gogo lililokuwa likikiachia kijiji senti 8 za dola lingeweza sasa kukipatia dola 19. Katika vijiji kama hivyo fedha za miti zimejenga madarasa. Mzee ambaye mjukuu wake anasomea ndani ya darasa lililojengwa kwa mpingo hahitaji kuhubiriwa juu ya mpingo.

Sasa turudi Ruponda, maana huko kuna tatizo ambalo cheti cha mbao hakiligusi. Adui mkubwa wa miombo ya Nachingwea na Ruangwa leo ni shamba jipya kuliko msumeno. Ufuta hustawi katika ardhi mbichi isiyo na magugu. Mkulima hufyeka, huchoma, hulima misimu michache, kisha husogea mbele. Mpingo mchanga uliomo humo huondoka pamoja na vichaka, bila kuingia katika kitabu chochote. Tusimlaumu mkulima huyo tukiwa mjini tumekaa juu ya makochi yetu. Ufuta ndio unaoezeka nyumba yake kwa bati na kumlipia mtoto sare.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka bidhaa zisitoke katika ardhi iliyofyekwa misitu baada ya mwaka 2020. Imeahirishwa tayari, na inazitaja mbao, kahawa, kakao, mawese, soya, mpira na ng'ombe. Ufuta haumo. Tena ufuta wetu mwingi huelekea Asia, ambako sheria hiyo haifiki. Kwa hiyo gogo litaulizwa lilikotoka, na gunia lililochukua mahali pa mti ule halitaulizwa neno.

Ningependa liulizwe, lakini kwa masharti. Mkulima wa ekari tatu akidaiwa ramani na karatasi kwa gharama yake mwenyewe, atamwuzia mnunuzi wa kangomba usiku, kwa kipimo cha ndoo na bei ya kutupa, na pori litaendelea kuungua. Gharama ya swali aibebe mnunuzi anayelitaka jibu, na ufuta wa shamba la zamani lililotunzwa upate bei iliyo juu kidogo. Chombo cha kufanyia hivyo kipo. Ufuta wa wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa mnadani chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kwa stakabadhi ghalani. Kila gunia hupimwa, na jina la mwenyewe huandikwa. Karani wa ghala huuliza uzito, ubora na namba ya akaunti. Katika fomu ile, nafasi ya swali la nne bado ipo wazi.