MNYAMA ALIYEKWISHA KABISA

Wengi wetu tunamjua palahala, mnyama mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma. Tunamjua pia nduguye korongo. Tunasema korongo mnyama, si yule ndege. Zamani ndugu hawa walikuwa watatu. Wa tatu hayupo tena duniani. Leo tutaeleza alikwishaje.

Mnyama huyo aliishi Afrika Kusini tu, karibu na pwani ya kusini, upande wa Swellendam. Alikuwa mdogo kuliko palahala, na alikula nyasi. Rangi yake ilikuwa ya kijivu inayokaribia buluu. Kwa hiyo Waholanzi walimwita blaauwbok, yaani mbuzi wa buluu.

Ukiuliza nini kilimmaliza, wengi watajibu, "Bunduki." Ni kweli, lakini bunduki ilikuja mwisho.

Kwanza alipoteza malisho. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali. Maji mengi yaliganda kuwa barafu, na bahari ikashuka. Pwani ile ilikuwa na mbuga pana. Joto lilipoongezeka, barafu iliyeyuka, bahari ikapanda na kufunika mbuga nyingi. Wanyama wakabanwa mahali padogo.

Kisha, kama miaka 2,000 iliyopita, kondoo wa wafugaji waliingia nchi ile. Wataalamu wengine wanafikiri kondoo hao waligombea nyasi na mnyama wetu.

Mwaka 1652 Waholanzi walifika Rasi. Walipoenea bara walilima, walifuga na kuwinda kwa bunduki. Kumbe wakati huo mnyama huyu alikuwa amebaki mahali pamoja tu! Mwaka 1766 wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu. Karibu na mwaka 1800 aliuawa wa mwisho. Hakuna hata picha yake ya kamera. Zimebaki ngozi chache, pembe na mifupa katika majumba ya makumbusho, kama kule Vienna na Stockholm.

Hebu tufanye hesabu. Kijiji chenye ng'ombe 1,000 kikipoteza 20, kinaumia, lakini kundi litaongezeka tena. Je, mwenye ng'ombe 25 akipoteza 20? Hapo hana kundi tena. Hasara ni ileile, ila kilichobaki si sawa. Ndivyo alivyokwisha mnyama wa buluu.

Na jambo hili si la zamani tu. Nchini Kenya korongo wamebaki katika hifadhi ya Ruma peke yake, karibu na Ziwa Victoria. Hesabu ya mwaka 2021 ilikuta 15 tu. Basi, mtu akitega waya porini na kusema, "Ah, mmoja tu, si kitu," tumuulize kwanza: mmoja kati ya wangapi?