Nani Kauchimba Mtaa Wetu?

Koni zikishapangwa barabarani na mtaa ukafungwa, sisi Waswahili wa Uingereza tuna mshtakiwa mmoja tu: halmashauri. Kodi tunalipa kila mwezi, wao juzi wamechimba, jana wamefukia, leo wanachimba tena. Malalamiko haya yana ukweli ndani yake, lakini mara nyingi yanampata asiyehusika, na barua iliyokwenda kwa asiyehusika hairudi na jibu la maana. Anayetaka shimo lifukiwe aanze kwa kuuliza nani kalichimba.

Lami ni ya halmashauri, lakini vilivyo chini yake vina wenyewe. Maji, gesi, umeme na nyaya za intaneti ni mali ya kampuni, na sheria ya kazi za barabarani ya mwaka 1991 inazipa kampuni hizo haki ya kupasua lami kufuata mali yao. Halmashauri haina uwezo wa kuzizuia kabisa. Kazi yake ni kutoa vibali na kupanga tarehe, na kampuni ikipitisha muda iliopewa inaitoza faini, ambayo kwenye barabara zenye magari mengi sana inaweza kufika pauni 10,000 kwa siku. Bomba likipasuka usiku hata kibali hakisubiriwi: mafundi wanaingia kazini kwanza, taarifa inafuata ndani ya saa mbili. Ndiyo maana mtaa mmoja unaweza kuchimbwa mara tatu kwa mwaka na watu watatu wasiojuana.

Ukitaka kujua zamu ni ya nani, tazama chini kabla koni hazijafika. Rangi ya buluu iliyopulizwa kwenye lami huonyesha maji, nyekundu umeme, njano gesi. Njano inaonekana sana kwa sababu maalumu. Tangu mwaka 2002 kampuni za gesi zimo kwenye mpango wa miaka 30 wa kuondoa mabomba ya chuma yaliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye majengo na kuweka ya plastiki, maana chuma kikuukuu hupasuka na gesi ikapenya hadi ndani ya nyumba. Kwa hiyo mtaa wenu ukifungwa wiki sita kwa kazi ya gesi, hasira ni haki yenu, ila kazi yenyewe ina faida.

Kazi ikishaanza, soma bango. Sheria inamtaka kila mchimbaji aweke ubao wenye jina la kampuni na namba ya simu, na aghalabu namba ya kibali pia. Upige picha siku ya kwanza, kwa sababu mafundi wakiondoka ubao nao huondoka, na shida huanza hapo: kiraka kinazama, maji yanatuama, gari linadunda. Wengi hawajui kwamba kiraka kina dhamana. Kampuni iliyochimba inawajibika nacho kwa miaka miwili, na kwa miaka mitatu kama shimo lilizidi kina cha mita moja na nusu. Kiraka kikizama ndani ya muda huo, halmashauri inaweza kuilazimisha kampuni irudi kukitengeneza kwa gharama yake yenyewe. Lakini halmashauri haiwezi kukumbuka viraka vyote vya mjini. Mwenye picha ya bango amefupisha safari ya miezi.

Liko pia suala la barabara yenyewe ni ya nani. Aliyetoka Tanzania anaijua tofauti ya TANROADS na TARURA, na Mkenya anajua KeNHA si KURA. Hapa England nako kuna mgawanyo wake. Barabara za kasi (motorway) na barabara kuu kadhaa ziko chini ya National Highways. London, zile zenye mstari mwekundu mmoja au miwili pembeni ni za Transport for London, zilizobaki karibu zote ni za halmashauri ya eneo. Leicester, Reading na Milton Keynes zina halmashauri moja inayobeba kila kitu. Kwingine ziko ngazi mbili: kaunti ina barabara, wilaya ina takataka. Ukiipigia simu wilaya kuhusu shimo, utaelekezwa kaunti kwa heshima zote na siku yako imekwisha. Tovuti ya FixMyStreet, iliyoanzishwa mwaka 2007, inaondoa adha hiyo: unaweka alama kwenye ramani, yenyewe inapeleka taarifa kwa mhusika.

Sasa mashimo. Ndugu zetu wengi hapa wanaishi kwa usukani: teksi, kupeleka vifurushi, kupeleka chakula. Kwao rimu iliyopinda ni mapato ya siku mbili yaliyopotea. Sheria ya barabara ya mwaka 1980 inailazimisha halmashauri kutunza barabara zake, na aliyeharibikiwa gari anaweza kudai fidia. Ila sheria hiyohiyo, kifungu cha 58, inaipa halmashauri ngao: ikithibitisha kwamba ina utaratibu mzuri wa ukaguzi na iliufuata, haidaiwi. Madai mengi hukataliwa kwa kifungu hicho, na mlalamikaji hukata tamaa akidhani ndio mwisho.

Sio mwisho. Ngao hiyo inasimama juu ya kumbukumbu za ukaguzi, na kumbukumbu hizo mtu yeyote anaweza kuziomba kwa sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2000. Halmashauri ina siku 20 za kazi kujibu. Uliza barabara hii hukaguliwa kila baada ya muda gani, ilikaguliwa mara ya mwisho lini, nani alitoa taarifa ya shimo hili na tarehe gani. Kama jirani alilitaja wiki tano kabla na hakuna aliyefika, ngao imetoboka. Ndiyo maana kutoa taarifa ya shimo ambalo halijakudhuru si kazi bure: unamwekea akiba atakayelikanyaga kesho. Picha nazo zipigwe kwa busara. Weka kitu cha kupimia kina, kwa sababu halmashauri nyingi hazilihesabu shimo la barabarani mpaka lifike kama milimita 40, lakini usisimame katikati ya magari kwa ajili ya ushahidi. Tunza risiti ya fundi.

Mama mwenye kigari cha mtoto au mzee mwenye kiti cha magurudumu naye ana haki yake. Njia ya miguu ikifungwa, mchimbaji anatakiwa kuacha nafasi ya mita moja na nusu, na ikishindikana kabisa isipungue mita moja. Ukikuta wamekusukumia barabarani bila kizuizi, piga ile namba ya kwenye bango papo hapo.

Vinyozi, wenye migahawa na wenye maduka ya unga na samaki wakavu wameumia kuliko wote, na hapa sheria ni bahili. Mteja akikosa pa kuegesha kwa sababu halmashauri inatengeneza barabara, kwa kawaida hakuna fidia. Ila kazi ya gesi au maji iliyovuta muda inaweza kumpa mfanyabiashara mdogo haki ya kudai kutoka kwa kampuni yenyewe, akiwa na hesabu za kuonyesha mapato kabla na baada. Vilevile anaweza kuomba kodi ya jengo la biashara ipunguzwe kwa muda. Asiyeweka hesabu hana la kudai, na wengi wetu hatuweki.

Juu ya yote haya yuko diwani. Vibali vinatolewa na maofisa, lakini mtaa upi utangulie kuwekwa lami mpya na upi ungoje ni maamuzi ambayo madiwani wana sauti ndani yake, na diwani husikiliza kata inayopiga kura. Uchaguzi wa madiwani mara nyingi huvuta theluthi tu ya wapigakura, na kiti huweza kuamuliwa kwa kura zisizofika mia. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda anayeishi hapa kihalali ana haki ya kupiga kura bila kungoja uraia wa Uingereza, kwa kuwa nchi hizo ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Ndugu wa Kongo na Burundi, England hawana haki hiyo mpaka wapate uraia. Wakiwa Scotland au Wales kihalali wanapiga kura ya madiwani kama wengine. Tangu Mei 2023 kituoni England unaonyesha kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa.

Kama pasipoti yako ni ya moja ya nchi hizo nne na jina lako halimo kwenye daftari, jiandikishe wiki hii. Unafanya mtandaoni, ukiwa na namba yako ya bima ya taifa, na hakuna malipo.