Kuvuta Trela kwa Pikapu: Mambo ya Kujua Kabla ya Safari ya Kwanza

Kila mwisho wa wiki, barabara za Kisii na Nyamira huwa na pikapu zinazovuta matrela ya hema na viti kuelekea harusini, matangani na kwenye harambee. Wengine huvuta matangi ya maji, jenereta au ndizi za sokoni. Wachache huvuta trela la kulala wanapopitia Kilgoris kuelekea Maasai Mara. Mizigo ni tofauti, lakini kanuni za kuivuta ni zile zile.

Dereva wa mara ya kwanza hujiuliza kama injini ya gari lake ina nguvu ya kutosha. Pikapu nyingi zinaweza kupandisha trela dogo kutoka mjini Kisii hadi Keroka bila taabu. Hatari kubwa iko safari ya kurudi, wakati wa kuteremka, ambapo trela huanza kulisukuma gari. Kama dereva ataweza kulizuia au la, hilo huamuliwa mapema, pale mzigo unapopimwa na kupangwa.

Uzito kwanza

Trela dogo kwa kawaida halina breki zake lenyewe. Breki za pikapu ndizo zinazosimamisha vyote viwili. Kwa pikapu nyingi, kikomo cha trela lisilo na breki ni karibu kilo 750, trela na mzigo vikihesabiwa pamoja. Kitabu cha maelezo cha gari husika ndicho cha kufuatwa.

Kikomo hicho hufikiwa haraka kuliko wengi wanavyodhani. Kiti kimoja cha plastiki kina takriban kilo 2 hadi 3, hivyo viti 200 ni kati ya kilo 400 na 600 kabla ya kuongeza vyuma vya hema. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Mzigo kama huo unahitaji trela lenye breki au safari mbili.

Mzigo ukae wapi

Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, na sehemu iliyo kubwa kidogo iwe mbele ya magurudumu ya trela. Lengo ni karibu asilimia 10 ya uzito wote kuegemea sehemu ya kuunganishia. Trela la kilo 600, kwa mfano, liegemeze takriban kilo 60 hapo.

Uzito ukizidi nyuma, trela huinua mkia wa pikapu na kuanza kuyumba huku na huku kasi inapoongezeka. Ukizidi mbele, pikapu huketi nyuma, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mshiko na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Mzigo ufungwe kwa kamba imara ili usihame njiani. Hakuna mtu anayepaswa kubebwa juu ya trela, hata kama ni mpakiaji wa viti.

Kuunganisha

Kichwa cha chuma kilicho nyuma ya pikapu lazima kilingane kwa kipimo na kikombe cha trela. Kikiwa kidogo, trela huweza kuchomoka kwenye tuta la kwanza. Baada ya kufunga, dereva ainue mkono wa trela kwa nguvu. Ukitoka, haukufungwa vizuri.

Cheni mbili za usalama zipishanishwe chini ya mkono wa trela, ili ukichomoka zuudake usichimbe lami. Kisha nyaya za taa ziunganishwe na mtu wa pili asimame nyuma kuthibitisha taa za breki, za kuonyesha kona na za usiku. Hewa ya magurudumu na nati zake zikaguliwe pia, kwa kuwa trela hukaa wiki nyingi bila kutumika.

Kwenye mteremko

Dereva aingie gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, aiachie injini kazi ya kuzuia kasi na akanyage breki kwa vipindi. Kukanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zikapoteza nguvu. Umbali kutoka gari la mbele uongezwe mara mbili au zaidi, hasa barabara ikiwa na maji. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kuzuiwa na breki huongezeka mara nne.

Trela likianza kuyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta taratibu na ashike usukani ukiwa umenyooka hadi litulie. Kufunga breki ghafla, au kuongeza mwendo ili kulinyoosha, huzidisha yumbo.

Kona na kurudi nyuma

Trela hukata kona kwa ndani kuliko gari. Anayeingia kushoto kwenye barabara nyembamba ya kijijini asogee mbele kidogo zaidi kabla ya kukunja, la sivyo gurudumu la trela litaangukia mtaroni au kumfikia mtu aliyesimama pembeni. Bodaboda anayejaribu kupita upande wa ndani huwa hatarini zaidi, hivyo vioo vya kando vitazamwe kila mara.

Wakati wa kurudi nyuma, dereva aweke mkono sehemu ya chini ya usukani. Mkono ukienda kushoto, trela huenda kushoto. Ukienda kulia, huenda kulia. Mwendo uwe wa pole, na msaidizi asimame mahali anapoonekana kwenye kioo, kamwe asisimame kati ya gari na trela.

Sheria na mazoezi

Nchini Kenya trela husajiliwa peke yake na hupewa nambari yake inayoanza na herufi Z. Kabla ya safari, mwenye gari athibitishe na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kwamba daraja la leseni yake linamruhusu kuvuta trela hilo, na aulize kampuni ya bima kama trela na mzigo vimelipiwa. Kikomo cha kasi mijini ni kilomita 50 kwa saa.

Siku ya kujifunza isiwe siku ya kazi. Saa mbili kwenye uwanja mtupu na trela tupu, kisha nusu ya mzigo kwenye barabara tulivu, humwandaa dereva vizuri. Na akisimama mlimani na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, aliondoe barabarani kabla ya kuondoka. Atakayelikuta usiku huenda ni jirani yake.